Waliokabidhiwa: Daftari la Mwisho wa Mwaka

Yusuf, Badar, Yasmin, Nawi, Wariinga. Vijana watano wa vitabuni na kwenye filamu, na kila mmoja wao alikabidhiwa na wakubwa zake kwa mtu mwingine: mmoja kwa deni, mwingine kwa utumishi, waliobaki kwa wanaume watu wazima wenye mali. Mwandishi wa daftari hili hakuwatafuta kwa sababu hiyo. Alipopanga wiki hii kazi zilizomkaa moyoni mwaka 2025, mpya na za zamani, aliwakuta wameshikana mikono.

Kitabu cha mwaka kwake ni *Theft*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka Machi, ya kwanza tangu atunukiwe Nobel mwaka 2021. Badar ni kijana wa kijijini anayepelekwa Dar es Salaam kuwa mtumishi katika nyumba ya watu, na hakuna anayejisumbua kumweleza kwa nini yeye na kwa nini huko. Baadaye anatuhumiwa wizi ambao hakuufanya. Karim, kijana msomi ambaye mambo yake yamemnyookea, anamchukua hadi Unguja, Badar anapata kazi hotelini, na maisha yanaanza upya. Hapo ndipo uhodari wa Gurnah unapoonekana. Wema wa Karim unageuka masimango polepole mno, kiasi kwamba msomaji anachelewa kushtuka. Badar anatandika vitanda, anapokea wageni, anasikiliza. Na ndiye anayeona kila kitu. Aliyewahi kulelewa kwa kuhurumiwa katika nyumba ya ndugu atasoma kurasa nyingine kwa shida.

Kutoka kwa Badar ilikuwa lazima kurudi kwa Yusuf. Yusuf wa *Paradise*, riwaya iliyofika orodha fupi ya Booker mwaka 1994, ana miaka 12 anapotolewa rehani na babake kwa tajiri Aziz, ambaye amezoea kumwita mjomba. Tangu 2022 hadithi yake inasomeka kwa Kiswahili kwa jina la *Peponi*, kwa kazi ya Ida Hadjivayanis, na mchapishaji ni Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Sehemu ya msafara wa kwenda bara ndiyo tamu kuliko zote: wapagazi, hongo za machifu, homa, na biashara inayoharibika huku Wajerumani wakisogea. Wachambuzi wameonyesha kwamba Gurnah alichota humo kutoka kwa Waswahili wenyewe, katika masimulizi aliyoyakusanya Carl Velten na kuyachapisha mwaka 1901 kwa jina la *Safari za Wasuaheli*. Kwa hiyo msafara ule ulioandikwa kwa Kiingereza umerudi katika lugha iliyousimulia mwanzo. Furaha ya kuusoma hivyo ni kubwa, na *Theft* nayo inastahili njia hiyohiyo, tena bila kusubiri miaka 28.

Filamu zilikuwa mbili.

*Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, ikawa filamu ya kwanza ya Tanzania katika tamasha lile, kisha Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar. Waliopita kidato cha tano na sita wanamjua Yasmin kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi ya mwaka 1999: binti wa Kihindi aliyeozwa Raza, mzee wa kumzaa, akamkimbia na kuangukia Ng'ambo ya Unguja kwa Mwajuma, ambako anakutana na Denge na harakati za kumng'oa Mwingereza. Shivji amepunguza maneno mengi ya kitabu. Amewaachia kazi vichochoro, mvua, taa za kandili na nyuso. Wapo watakaolalamika kwamba Denge wa kitabuni ana hoja nzito zaidi, na wana haki. Lakini Mwajuma wa filamu anajaza pengo hilo lote peke yake, na anayemwigiza ni Siti Amina, mwimbaji na mpiga udi wa kundi la Siti and the Band. Anapoimba, haigizi.

*Nawi*, filamu ambayo Kenya iliichagua kwa Oscar za mwaka 2025, imejengwa juu ya hadithi ya Milcah Cherotich. Nawi mwenyewe ni msichana wa Turkana mwenye miaka 13, amefaulu mtihani kuliko wenzake, na baba anataka kumwoza kwa mifugo. Michelle Lemuya Ikeny anamwigiza bila kulialia; macho yake tu yanatosha kumuumiza mtazamaji.

Upande wa muziki, mwaka ulikuwa wa Siti binti Saad, aliyefariki 1950. Yule binti wa Fumba aliyeuza vyungu mtaani ndiye aliyesafiri na wenzake hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Mwandishi huyu alizirudia nyimbo zake kupitia kwa kitukuu chake, Siti Muharam, katika albamu ya mwaka 2020 iitwayo *Siti of Unguja*. Humo umo wimbo wa Kijiti, uliotokana na kisa cha kweli: mwanamke mjamzito, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliuawa Unguja, muuaji akatorokea bara, na wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Laura Fair amekieleza kisa hicho vizuri katika utafiti wake juu ya Zanzibar ya wakati ule. Siti hakuwa na gazeti wala kiti barazani. Alikuwa na sauti na santuri, na hukumu ile ikatangazwa aibu yake pwani nzima.

Mei 28 tulimpoteza Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa na miaka 87, huko Georgia, Marekani. Kumuomboleza kulimrudisha mwandishi huyu kwenye *Shetani Msalabani*, riwaya iliyoandikwa kwa Kikuyu gerezani Kamiti, juu ya karatasi za chooni, baada ya serikali kumtia Ngũgĩ kizuizini bila mashtaka kwa sababu ya tamthilia ya wanakijiji wa Kamĩrĩthũ. Wariinga, mwanafunzi aliyeuzwa na mjombake kwa tajiri mzee, anarudi baadaye akiwa fundi wa injini, na Ngũgĩ hamwachi asamehe kirahisi. Ukali huo bado unafaa.

Na kwa filamu ijayo, bado ipo *Kuli*, riwaya nyingine ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1979, juu ya wachukuzi wa bandarini Unguja na mgomo wao wa 1948. Bandari, winchi, magunia, umati wa wagomaji: filamu nzima imo humo tayari. Shivji ameshaonyesha kwamba anaiweza kazi ya namna hii, na wanafunzi wanaomsoma Rashidi, shujaa wa riwaya hiyo, darasani wangeijaza kumbi siku ya kwanza.