Subira Si Kunyamaza



Dada mmoja aliyeolewa Katito, Nyakach, ametuletea swali. Anaishi na mumewe na watoto katika ploti ya vyumba vya mstari mmoja: ua mmoja, mfereji mmoja, choo kimoja. Jirani wa ukuta wa pili hufungulia muziki tangu Isha hadi karibu na Alfajiri, wageni wake hulewa uani, na mabinti wa dada huyu hutupiwa maneno machafu waendapo kuteka maji. Anauliza: nikisema, nitaambiwa Waislamu twajitenga, nikinyamaza, wanangu wataharibika. Nifanye nini?

Dada yetu, subira ni ibada, lakini subira si kuinyamazia dhuluma. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, mtu mmoja alimshitaki jirani yake kwa Mtume (s.a.w.). Kwanza aliambiwa arudi akasubiri. Aliporejea mara ya pili au ya tatu, aliamriwa atoe vyombo vyake aviweke njiani. Wapita njia wakauliza kulikoni, wakaelezwa, wakamlaani mwenye kuudhi, hata jirani akaja mwenyewe kumsihi arudi ndani, akiahidi kutomuudhi tena. Subira ilitangulia, kisha jambo likawekwa wazi mbele ya watu. Hakuamriwa kupigana, wala kulipiza kero kwa kero.

Basi anzeni na jirani mwenyewe. Mumeo amwendee mchana, wakati jirani hajaonja kileo, amweleze tendo linalowaudhi pasipo kutaja dini wala kabila lake. Haki ya jirani haiulizi dini: swahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa mnyama nyumbani kwake, aliuliza kama jirani yake Myahudi amepelekewa nyama. Tena tofautisheni ulevi wa kila usiku na msiba. Kwa majirani zetu Wajaluo, mkesha wa matanga ni heshima ya marehemu. Usiku huo nendeni mkatoe pole.

Asiposikia, waoneni wapangaji wengine, kwani yumkini nao hawalali. Andikeni tarehe na saa za kila tukio, mwende pamoja kwa mwenye nyumba, kisha kwa mwenyekiti wa Nyumba Kumi na naibu wa chifu. Katiba ya 2010, ibara ya 159, yahimiza upatanisho. Kanuni za kelele za mwaka 2009 nazo zahesabu usiku kuanzia saa mbili na dakika moja hadi saa kumi na mbili asubuhi, na katika makazi kiwango cha kelele za nje hushuka kutoka desibeli 50 hadi 35. Wanaokaa nyumba za kaunti mjini Kisumu, mwenye nyumba wao ni serikali ya kaunti, iliyorithi nyumba za baraza la mji mwaka 2013; malalamiko yao yapelekwe huko.

Wengi hudhani mashitaka haya ni ya Kadhi. Sivyo. Ibara ya 170 imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Imamu aweza kusuluhisha, lakini hukumu ya kero ya ujirani iko kwingine.

Jambo moja halingoji ngazi hizi. Mabinti wakiguswa, wakitishwa au wakifuatwa, nendeni polisi siku ile ile, mkahakikishe shauri limeandikwa na mmepewa nambari ya OB. Heshima ya mtoto haisubirishwi kwa kuogopa maneno ya watu. Na mabinti waambiwe waziwazi kwamba kosa si lao.

Mwisho, tujitazame sisi wenyewe. Mtume (s.a.w.) alitajiwa mwanamke aliyeswali na kufunga sana, ila akiwaudhi majirani kwa ulimi wake, akasema huyo hana kheri. Je, maji yetu machafu twayamwaga mlangoni pa nani? Spika yetu ya mawaidha yasikika chumba cha ngapi? Fimbo ya mbali haiui nyoka: mtoto akiugua usiku wa manane, wa kwanza kubisha hodi ni yule wa ukuta wa pili. Tumshitaki kwa namna itakayoacha mlango wa kurudi.

Mwenyezi Mungu atujaalie majirani wema, na atujaalie nasi tuwe majirani wema. Aamin.