Rehani ya Benki: Kushtaki au Kukata Rufaa?

Magazeti yetu hayakosi matangazo ya mashamba na nyumba zitakazopigwa mnada kwa sababu ya madeni ya benki. Wenye mali hizo, wakiwamo walimu wengi, hukimbilia mahakamani dalali akiwa tayari mlangoni. Wakati huo wakili hana la kufanya ila kubahatisha.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 haikumtupa mdeni. Benki sharti impe ilani ya siku 90 alipe malimbikizo. Akishindwa, hupewa ilani nyingine ya siku 40 kwamba mali itauzwa, kisha dalali naye hutoa siku 45. Hiyo ni karibu nusu mwaka, na ndio muda wa kuamua kama kuna kesi.

Kesi gani, basi? Wengi hulalamika kwamba benki imezidisha hesabu. Huenda wasema kweli, lakini mahakama zetu zimeshikilia kwa miaka mingi kuwa ubishi juu ya kiasi cha deni, peke yake, hauzuii mnada. Anayeomba amri ya kuuzuia hupimwa kwa vigezo vilivyowekwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973: awe na kesi yenye uzito, athibitishe hasara isiyoweza kufidiwa kwa fedha, na mahakama ikiwa na shaka, itazame ni nani atakayeumia zaidi. Aliyeweka shamba rehani huambiwa kwamba alikwisha kukubali ligeuzwe fedha. Ni kauli kali. Ndiyo maana ilani isiyomfikia mdeni, au nyumba ya ndoa iliyowekwa rehani bila idhini ya mke au mume, ni hoja nzito kuliko kurasa ishirini za manung'uniko.

Hata hivyo riba haikuachwa huru. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kutumika mwaka 2007, chasema mkopo ukishaacha kulipwa ipasavyo, riba isizidi salio la mkopo la wakati huo. Salio likiwa shilingi 1,000,000, riba itakayodaiwa kuanzia hapo haipiti kiasi hicho. Tena mwaka 2024 Mahakama ya Juu iliamua kwamba benki haiwezi kupandisha riba bila idhini ya waziri. Uamuzi huo ulipatikana kwa njia ya rufaa, ila ni nani kati yetu awezaye kugharimia ngazi tatu za mahakama?

Aliyenyimwa amri katika Mahakama Kuu ana siku 14 za kuwasilisha ilani ya rufaa. Ilani hiyo haisimamishi mnada. Ni lazima aombe zuio na aonyeshe kwamba rufaa yake ina hoja, na kwamba itakuwa kazi bure mali ikiuzwa. Nyundo ikigonga, haki ya kukomboa imekwisha.

Kwa maoni yangu, ambaye ilani zake zote ni halali na deni ni la kweli asikate rufaa ili kununua muda, maana riba nayo haipumziki. Afadhali aombe benki imruhusu ajitafutie mnunuzi. Na aliyekwisha kuuziwa bado aweza kudai fidia, kwani sheria huilazimu benki kuthamini mali kabla ya mnada na kutafuta bei bora iwezekanavyo. Ripoti ya mthamini huyo ndiyo karatasi ya kwanza ya kuitisha.