Tusiwapime Watoto Kisha Tukawaacha

Kila mtoto wa Tanzania, atimizapo umri wa miezi 18, hutakiwa kupelekwa kliniki apate chanjo ya pili ya surua na rubela. Katika milima ya Rungwe, mama humbeba mwanawe mgongoni, akapita kati ya migomba na mashamba ya chai, mara nyingi mvua ikinyesha, mpaka akafika zahanati ya kijiji au Hospitali ya Igogwe. Mtoto hupimwa uzito, kadi yake huandikwa, hudungwa sindano, na mama hurudi kwenye kazi zake. Hiyo ni huduma njema, nasi twaisifu. Lakini liko swali moja ambalo mama huyo aghalabu haulizwi: Je, mwanao akiitwa jina lake, hugeuka?

Swali hilo si dogo. Mtoto asiyegeuka aitwapo, asiyeonyesha kwa kidole kitu akitakacho, asiyetamka neno wakati wenzake wanaanza kusema, huenda akawa na usonji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Usonji si laana, wala si kazi ya wachawi, wala hauambukizwi. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, nayo huanza mapema sana katika maisha ya mtoto.

Twajua kwamba vijijini mwetu mama wa mtoto wa namna hii hunyooshewa kidole. Wasidhani wasomaji wetu kwamba ujinga huu ni wa Waafrika peke yao. Marekani na Ulaya, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wenye vyeo walisema kwamba usonji huletwa na mama asiye na mapenzi kwa mwanawe. Walikosea, na akina mama wengi wakaumia bure. Tena mwaka 1998 gazeti moja la madaktari la Uingereza lilichapa makala iliyohusisha usonji na chanjo ya surua. Mwaka 2010 gazeti hilo likaifuta makala hiyo, na uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba chanjo haileti usonji. Mzazi asiogope sindano ya miezi 18. Siku hiyo ya chanjo ndiyo ingefaa sana kumchunguza mtoto.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akitambuliwa mapema, wazazi hupata nafasi ya kujifunza namna ya kucheza naye, kusema naye na kumfundisha kueleza haja zake. Shida ni kwamba mabingwa wa kazi hii ni wachache mno, nao wako mijini. Kutoka Tukuyu mpaka Mbeya ni takriban kilometa 70, na mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800. Mkulima wa viazi atapata wapi nauli ya safari hiyo, na nani atamlimia akiwa njiani?

Hapo ndipo mitambo mipya inapoweza kutufaa. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza matokeo ya programu ya kompyuta kibao. Mtoto hukaa mapajani mwa mzazi wake akitazama picha fupi za sinema, na kamera hufuata macho yake, uso wake na jinsi anavyogeuka aitwapo. Katika watoto 475 waliopimwa, programu ilitambua karibu 9 katika kila 10 wenye usonji. Lakini vilevile iliwatia shakani takriban 2 katika kila 10 wasio nao. Nchini Malawi, ng'ambo tu ya mto Songwe, watafiti nao wamekuwa wakijaribu kupima watoto kwa kompyuta kibao mikononi mwa wahudumu wasio mabingwa.

Twaunga mkono kazi za namna hii, na tungependa kuziona zikifika mahali kama Igogwe. Lakini twatoa maonyo mawili.

Kwanza, chombo kilichojaribiwa kwa watoto wa Marekani hakiwezi kupewa madaraka juu ya watoto wetu kabla hakijajaribiwa hapa. Mtoto wa Rungwe huitwa kwa Kinyakyusa. Huenda hajapata kuona sinema maishani mwake. Tena hufunzwa adabu mbele ya mgeni. Asije akaandikwa kuwa na usonji kwa sababu ya haya. Na chombo kikisema kuna shaka, hiyo ni shaka tu. Uamuzi ni wa mtaalamu.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kupima si kusaidia. Kumwambia mama kwamba mwanawe ana usonji, kisha kumrudisha nyumbani mikono mitupu, ni kumwongezea mzigo. Hatutaki watoto wetu wahesabiwe kwa ajili ya vitabu vya watafiti, kisha wasahauliwe.

Msaada wenyewe si jambo lisilowezekana. Shirika la Afya Duniani limeandaa mafunzo kwa walezi wa watoto wa namna hii, ambayo hata wasio mabingwa huweza kuyaendesha, na Ethiopia na Kenya wameyajaribu. Nchi yetu nayo ilizindua, mwezi Januari 2024, mpango wa kupata wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Mhudumu hukaa kitongojini, ajua lugha ya mama, na aweza kurudi mlangoni kwake wiki ijayo. Huyo ndiye apewe kompyuta kibao, na apewe mafunzo ya walezi siku hiyo hiyo. Wizara ya Afya iweke maswali machache ya usonji katika kliniki ya miezi 18. Halmashauri nazo ziandae walimu, maana mtoto atambuliwaye leo atataka darasa kesho.

Wananchi nao wana wajibu. Jirani aache kucheka, na baba asimwachie mama peke yake. Mkono mmoja haulei mwana. Mtoto yule asiyegeuka aitwapo ni mwananchi kamili, na haki yake ya kutunzwa ni sawa na ya mwingine yeyote. Tukimpima, tuwe tayari kumshika mkono.