Beit al-Ajaib si ya Mabusaidi peke yao



Kila ikitajwa Beit al-Ajaib tunagawika mapande mawili. Kuna wanaoulilia ufalme, na kuna wanaosema hilo ni jumba la Waarabu, liwachwe lianguke. Mimi siafikiani na hawa wala wale.

Ni kweli jumba lilijengwa na Sayyid Barghash bin Said, mwaka 1883. Lakini utajiri wa Unguja wakati ule ulikuwa karafuu, na mashambani walikuwa wakifanya kazi watumwa. Utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1897. Basi wajukuu wa wachumaji nao wana haki yao pale.

Tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza iliiangamiza Beit al-Hukm iliyokuwa jirani, Beit al-Ajaib ikabaki imesimama. Tukaja kuiangusha wenyewe kwa kutoitunza. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ilianguka. Tarehe 25 Disemba 2020, matengenezo yakiendelea kwa fedha za Oman, mnara wa saa na sehemu kubwa ya jumba vikaporomoka, watu wawili wakafa.

Oman tuwashukuru. Lakini kulinda jumba ni jukumu letu, na kusimulia historia yake yote pia ni letu. Penye picha ya Barghash pawepo na habari za wachumaji karafuu, na majina ya wale wawili yaandikwe mlangoni.

Jee, wenzangu mnasemaje?

Wabillahi tawfiq.