Video za michoro ya kompyuta ziongee Kiswahili, zianzie karakanani

MWAKA 1982 gesi asilia iligunduliwa Mnazi Bay, mkoani Mtwara. Mwishoni mwa mwaka huo huo, huko Marekani, kampuni ya Autodesk ilitoa AutoCAD, programu iliyowatoa wachoraji wa kihandisi kwenye meza ya mbao na kuwahamishia kwenye kompyuta. Wakati ule hakuna aliyeyataja mambo hayo mawili kwa pamoja. Leo yamekutana hapa hapa kwetu. Bomba la gesi linalotoka Madimba hadi Dar es Salaam, lililokamilika mwaka 2015, na kiwanda cha saruji cha Dangote kilichozinduliwa mwaka huo huo, ni kazi ambazo hazijengwi bila michoro ya kompyuta.

Kijana wa kata ya Likombe, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, aliona magari ya mabomba yakipita. Mchoro hakuuona. Na katika kazi za viwanda, aliye karibu na mchoro ndiye aliye karibu na malipo mazuri. Aliye mbali nao hubeba mizigo na kulinda geti.

Hili si jambo dogo katika mkoa ambao mwaka 2013 uliingia katika vurugu na watu wakapoteza maisha, wananchi wakihoji gesi hii itawaachia nini. Jibu ambalo kila mtu hulitoa ni ajira. Nakubaliana nalo, ila ajira ya kiufundi haigawiwi kama kanga za kampeni. Inamfuata anayejua. Ndiyo maana naona suala la kuwafundisha wanafunzi wetu usanifu na uchoraji kwa kompyuta lina haki ya kujadiliwa katika kurasa hizi za biashara, na siyo kuachiwa kurasa za elimu peke yake.

Ndugu msomaji, mahali pa kuanzia papo. Mtwara ni miongoni mwa mikoa michache nchini yenye sekondari kongwe ya ufundi, na Chuo cha VETA kipo. Januari 2024 Serikali ilianza kutekeleza mtaala mpya, na wanafunzi wa kidato cha kwanza walioingia mkondo wa amali mwaka huo watafika kidato cha nne mwaka 2027. Hao ndio wanaotakiwa kutoka shuleni na ujuzi mkononi. Swali ni nani atawafundisha kuchora kwa kompyuta, wakati walimu wengi wa michoro walifundishwa wenyewe kwa penseli, rula-T na karatasi?

Kuajiri mtaalamu kwa kila shule hatutaweza kwa haraka. Tunachoweza ni kumchukua mwalimu mmoja mzuri, tukarekodi anachofanya kwenye skrini pamoja na sauti yake, kisha shule zote zikamwona. Video za namna hiyo zimejaa mtandaoni, na nyingi ni bure. Kasoro yake ni kwamba nyingi zinaongea Kiingereza cha haraka, zinachora vitu ambavyo mwanafunzi wetu hajawahi kuvishika, na zinatumia programu ya gharama kwenye kompyuta yenye nguvu kuliko iliyopo shuleni. Mwanafunzi anabaki kumfuata mwalimu wa mbali kama anayetazama mpira: anafurahia, lakini hajacheza.

Wahindi walikumbana na tatizo hili kabla yetu. Chuo cha IIT Bombay kilianzisha mradi uitwao Spoken Tutorial, wa masomo ya video ya takriban dakika kumi kumi ya kufundisha programu huria. Skrini inabaki na Kiingereza chake, lakini sauti inatafsiriwa katika lugha nyingi za India. Masomo yametungwa ili mtu ajifunze peke yake, akisimamisha video na kujaribu hatua ile ile kwenye kompyuta iliyo mbele yake, na yanaweza kutumika pasipo intaneti. Hiyo ndiyo hekima ninayotaka tuiazime.

Sisi nasi tuna historia yetu. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na istilahi zake zinatufaa hadi leo. Hata hivyo, ofisi zetu nyingi zimeendelea na menyu za Kiingereza, kwa sababu ndizo mfanyakazi anazozikuta akihamia kampuni nyingine. Kwa michoro ya kihandisi nashauri tufuate mwelekeo huo: neno la kwenye kitufe tuliache lilivyo, mwanafunzi alizoee, lakini sababu ya kukibonyeza aelezwe kwa Kiswahili. Kijana akielewa kwamba amri fulani inaliinua umbo bapa na kulipa kimo, hatapotea hata akikutana na programu nyingine yenye neno tofauti.

Kuhusu programu yenyewe, tusianze na ya kuiba. Kompyuta zetu nyingi mitaani zina nakala za wizi, na shule ikifundisha kwa nakala hizo inamfundisha mtoto pia kwamba wizi ni sehemu ya ufundi. Autodesk hutoa leseni za bure kwa wanafunzi na walimu, lakini lazima usajiliwe mtandaoni na kuihuisha kila mwaka. FreeCAD, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, ni ya bure kabisa na haihitaji kuomba ruhusa kwa mtu. Kwa kompyuta dhaifu ipo LibreCAD, inayochora michoro bapa na ambayo hailemei mashine kuukuu.

Sasa tuchore nini? Hapa ndipo biashara na kilimo vinapoingia. Sehemu kubwa ya korosho yetu bado inasafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Wanaojaribu kubangua hapa nyumbani hutegemea mashine ambazo kisu kikiisha makali au kipande kikivunjika, fundi hupewa kile cha zamani akifananishe kwa macho. Kikipishana milimita mbili, punje inavunjika, na korosho iliyovunjika bei yake ni ya chini kuliko nzima. Fundi huyo huyo akiwa na mchoro wenye vipimo, kipuri cha kumi kitafanana na cha kwanza, na fundi wa Masasi au Newala anaweza kutumiwa mchoro kwa simu akakichonga huko huko. Wafanyabiashara husema mali bila daftari hupotea bila habari. Ufundi bila mchoro nao huzikwa na fundi.

Kwa hiyo video ya kwanza isianze na duara na mraba usio na kazi. Ianze karakanani: bawaba ya mlango, dawati la shule, toroli la kubebea magunia ya korosho, kisu cha mashine ya kubangulia. Mwalimu akishike kifaa, akipime kwa rula au kalipa mbele ya kamera ya simu, achore kwa mkono kwenye daftari, ndipo aingie kwenye skrini. Mwanafunzi aone kwamba mstari wa kwenye kompyuta umetoka kwenye kitu chenye uzito.

Mambo mengine ni ya kawaida, lakini ndiyo yanayoharibu video nyingi. Somo moja liwe na kazi moja na lisizidi dakika kumi. Maandishi ya kwenye skrini yakuzwe, maana darasa zima hutazama ukuta mmoja. Sauti irekodiwe mahali patulivu. Mwanafunzi huvumilia picha hafifu, sauti mbovu humshinda. Mwalimu akikosea asikate kipande hicho, bali aonyeshe anavyorekebisha, kwa sababu mwanafunzi atakosea pale pale. Programu ya kurekodi skrini, kama OBS Studio, ni ya bure. Na kila somo liambatane na faili la mchoro na zoezi, la sivyo tumetengeneza sinema.

Wapo watakaouliza bando litatoka wapi. Ni swali la haki. Tuseme tuna masomo 40 ya dakika nane nane, na kila moja lina megabaiti 50. Yote ni kama gigabaiti mbili, yanaingia kwenye flashi ya gigabaiti nne na nafasi ikabaki. Lakini darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akiyapakua mwenyewe, litatumia gigabaiti 80 kwa kitu kile kile. Mtandao uwe ghala, na flashi iwe gari la kusambazia. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilisuasua nchini kwa siku kadhaa. Shule yenye masomo yake kabatini isingekuwa na sababu ya kusimama.

Wapo pia walimu watakaohofia kwamba video inawaondolea kazi. Naona kinyume chake. Video haiwezi kuona kwamba mwanafunzi wa nyuma ameandika sentimita mahali pa milimita. Mwalimu aliyepunguziwa kurudia maelezo yale yale mara sita kwa wiki ndiye anayepata muda wa kupita kati ya madawati. Wala penseli haifukuzwi darasani. Asiyeweza kukiona kitu kwa mbele, kwa juu na kwa ubavu akilini mwake, kompyuta itamsaidia tu kukosea kwa unadhifu.

Hoja yangu ya mwisho ndiyo nzito zaidi, nayo ni malipo. Tumezoea kuomba mambo ya aina hii yafanywe kwa kujitolea. Mwalimu anarekodi masomo matatu kwa bando lake na kompyuta mpakato yake, anapongezwa kwenye kikao, somo la nne halitokei. Halmashauri inapohitaji madawati hutoa zabuni na kumlipa seremala. Masomo haya nayo ni madawati. Mwalimu wa ufundi na fundi wa karakana walipwe kwa mkataba, kwa kila somo lililokamilika na kukaguliwa, na kazi ikishalipiwa iruhusiwe kunakiliwa bure na shule yoyote nchini. Halmashauri zetu hukusanya ushuru wa huduma kutoka kwa makampuni, na makampuni hayo yana fungu la kusaidia jamii. Makampuni yamezoea kuchangia madarasa na visima. Yachangie na hili, kwa sababu wao ndio watakaokuja kutafuta wachoraji. SIDO na VETA wanaweza kukagua kama kinachofundishwa kinachongeka kweli.

Mhitimu wa kidato cha nne hatakuwa mhandisi wala msanifu majengo kwa video 40, na asidanganywe hivyo. Kusanifu na kuidhinisha ni taaluma zenye masomo yake na bodi zake. Lakini anaweza kuingia karakana ya kuchomelea na kuwa yule anayeiwekea michoro. Anaweza kuketi kwa mkandarasi kama mchoraji msaidizi. Anaweza kufika chuoni akiwa ameshavuka kizingiti ambacho wenzake wanakikuta mwaka wa kwanza.

Mradi mkubwa wa kusindika gesi huko Lindi umezungumzwa kwa miaka mingi. Siku utakapoanza, michoro yake haitatusubiri tujifunze kushika kipanya. Waliokuwa kidato cha kwanza mwaka 2024 wanatoka shuleni mwaka 2027, na masomo 40 ya kwanza yanaweza kurekodiwa katika muhula mmoja. Halmashauri ikitenga fungu katika bajeti moja tu, kazi inaanza.