Mafiga ya Mogusii Hayakutoka Nazareti

Katika mazishi niliyohudhuria upande wa Nyamira, mhubiri alishika kipaza sauti akaanza kumtaja marehemu kwa babu zake. Babu wa kwanza, wa pili, wa sita. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Alipofika kwa Mogusii, babu wa Abagusii wote, nilidhani kamaliza. Kumbe alikuwa akivuta pumzi. Akaruka hadi Misri, akaingia kambini mwa Musa, na kabla hatujakaa sawa kwenye viti vya plastiki marehemu alikuwa tayari mtu wa Yuda, wa nyumba ya Daudi, jamaa ya Yosefu seremala. Amina zikapaa. Nikamnong'oneza mzee aliyekaa kando yangu: kati ya Mogusii na Musa wako akina nani?

"Hao wamo ndani ya Biblia, mwanangu," akanijibu, akarudi kwenye soda yake.

Hawamo. Na dai hili, kwamba Abagusii ni Waisraeli waliopotea njia na kwamba huenda baadhi ya koo zetu zina damu ya familia takatifu yenyewe, limezoeleka Kisii na Nyamira hata anayelipinga huonekana amekana imani. Mimi nalipinga nikiwa nimekaa kanisani.

Wanaanza na Misri. Ni kweli jina hilo limo katika masimulizi ya wazee, na Profesa William Ochieng' alipochapisha historia yake ya Abagusii mwaka 1974 alilikuta humo. Lakini Misri hiyohiyo inadaiwa pia na Waluhya. Kama wote tulitoka kwa Farao, basi msafara ule ulikuwa na foleni ndefu kuliko ya matatu za Kisii siku ya soko. Lugha nayo inatusuta: ndugu wa Ekegusii ni Kikuria, Kingurimi na Kizanaki, na ukoo mzima wa lugha za Kibantu wataalamu huupeleka magharibi, kwenye mpaka wa Kamerun na Nigeria. Huko hakuna mto Yordani.

Wakishindwa hapo hukimbilia tohara. Vijana wetu hutahiriwa, sawa. Wakipsigis hutahiri, Wabukusu hutahiri, Wamaasai hutahiri. Tena kwetu hata wasichana walikatwa, jambo lisiloamriwa popote katika Torati na linalokatazwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2011. Mbona ushahidi huo wahubiri wanaufunika kwa kanga?

Halafu inakuja Sabato. Jamani! Jumamosi tunayoishika tulifundishwa na Waadventista waliofungua misheni Nyanchwa mwaka 1912, mwaka mmoja baada ya Wakatoliki kufika Nyabururu. Haikuhifadhiwa kwenye chungu cha nyanya yeyote tangu Sinai.

Kinachoniudhi zaidi ni mzizi wa fikra yenyewe. John Hanning Speke, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alishindwa kuamini kwamba falme alizozikuta kando ya Ziwa Nyanza zilijengwa na watu wa hapahapa. Akawatafutia watawala wa falme hizo asili ya kaskazini. Wazungu waliomfuata wakaikuza hoja hiyo mpaka ikaingia madarasani: kila chema cha Mwafrika lazima kilitoka kwingine. Leo tunairudia wenyewe, bila kusukumwa, na kuiita heshima.

Na hao jamaa halisi wa Yesu walipata nini? Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa kanisa wa karne ya 4, anasimulia habari aliyoitoa kwa Hegesipo, mwandishi aliyemtangulia. Wajukuu wa Yuda, nduguye Bwana, walishtakiwa kwa Kaisari Domitiano kwamba ni wa ukoo wa Daudi. Kaisari akawauliza mali yao. Wakasema hawana fedha, wana shamba tu, thamani yake dinari 9,000, nalo wanalilima wenyewe ili walipe kodi na kula. Kisha wakanyoosha mikono yao aone sugu za jembe. Akawadharau, akawaachilia waende zao. Mtu yeyote anayechuma majani chai Nyamira angeitambua mikono ile bila kuulizia nasaba.

Aliyejaribu kuifanya damu hiyo kuwa sheria ni Haile Selassie. Katiba ya Ethiopia ya mwaka 1955 iliandika kwamba nasaba yake inatoka kwa Menelik, mwana wa Sulemani na Malkia wa Sheba. Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi walimtoa ikulu ndani ya Volkswagen.

Wanaopenda nasaba wasome basi sura ya kwanza ya Mathayo polepole. Baba yake Yosefu humo ni Yakobo. Kwa Luka ni Heli, na kanisa limeishi na majina hayo mawili kwa karibu miaka 2,000. Kisha watazame wanawake aliowaingiza Mathayo: Tamari, Rahabu wa Yeriko, Ruthu Mmoabu, na mke wa Uria Mhiti. Orodha takatifu imejaa watu wa kuja.

Kwetu uzao wa babu mmoja huitwa riiga, neno lilelile la figa la jikoni. Na mafigani petu hawakuota moto wenye damu moja tu. Kulikuwa na abamenyi, wageni waliokaribishwa wakapewa mahali pa kulima. Kitutu, tawi mojawapo la Abagusii, ilipata nguvu pale Manga kwa kuwapokea waliokimbia vita na njaa, na wajukuu wa wakimbizi hao leo ni Abagetutu wasio na shaka. Hiyo ndiyo historia ningependa kuisikia kwenye kipaza sauti: kina nani walifika wakiwa hawana kitu, na nani aliwafungulia mlango.

Marehemu yule wa Nyamira alilelewa na nyanya yake, mwanamke aliyetoka Nyaribari, akauza ndizi sokoni hadi akamlipia karo ya shule. Katika orodha yote ile, kutoka kaburini hadi kwa Daudi, hakutajwa. Jina lake nililipata jioni, kwa mama mmoja aliyekuwa akisugua sufuria.