Msaidizi wa mtandaoni si punda wa kubebeshwa kila mzigo

Jumapili hii tuzungumzie jambo ambalo limeingia katika nyumba nyingi bila kubisha hodi. Mtu anayejitegemea kwa kazi za mtandaoni, awe mfasiri, mhasibu au mchoraji, hufika mahali akalemewa. Kazi ni nyingi, baruapepe hazijajibiwa, ankara hazijatumwa. Hapo ndipo huamua kutafuta msaidizi. Naye msaidizi huyo haketi ofisini mwako. Yuko kwao na tarakilishi yake, nawe uko kwako, na kati yenu ni simu na mtandao tu.

Usidhani haya ni mambo ya Nairobi peke yake. Mimi nakuandikia kutoka Gakindu, huku Mukurweini katika kaunti ya Nyeri, ambako tumezoea kuzungumza habari za kahawa na maziwa. Nyaya kubwa za mawasiliano zilizopitishwa chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka wa 2009, na mwaka wa 2016 serikali ikaanzisha mpango wa Ajira Digital kuwafunza vijana kazi za aina hii. Leo kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Karatina au kile cha Dedan Kimathi aweza kurudi kwao kijijini na kumfanyia kazi mtu wa London bila kupanda matatu.

Lakini kabla ya kuajiri, hebu nikusimulie kosa langu.

Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano yaliyonaswa na kuyaandika. Nilipozidiwa, nilimwita binti wa jirani, aliyekuwa amemaliza chuo na kukaa nyumbani bila kazi. Nikamwambia, "Utakuwa ukinisaidia hapa na pale." Hatukuandika chochote. Nilimpa neno langu la siri, nikamwahidi malipo ya mwezi, basi.

Siku moja nikiwa njiani nilimpigia simu: "Mwambie yule mteja wa London kazi itamfikia saa tisa." Nilimaanisha saa tisa alasiri, saa zetu. Binti, kwa haraka, akaandika kwa Kiingereza tarakimu 9. Mteja akaelewa saa tatu asubuhi, saa za kwao. Ilikuwa majira ya baridi, London wako nyuma yetu kwa saa 3, kwa hivyo alingoja kazi hiyo wakati huku kwetu ni adhuhuri. Ilipomfikia saa tisa zetu, mkutano wake ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimemhudumia kwa miaka miwili. Hakuniandikia tena.

Nilimfokea binti wa watu, nikamkata malipo. Hakunijibu. Majuma mawili baadaye nilikutana na mamake sokoni hapa Gakindu. Alinisalimia kwa adabu, kisha akageukia viazi vyake. Salamu ile ilinichoma kuliko matusi. Nilipofika nyumbani nilijiuliza: ni nani aliyesema "saa tisa" bila kufafanua? Ni nani aliyekataa kuandika? Nilimtumia pesa zake zote na kumwomba radhi. Alizipokea, akashukuru, lakini hakurudi.

Tangu siku hiyo nimejifunza kutoka shambani. Mwenye kahawa anapowaita wachumaji, huwaonyesha kwanza tunda lililoiva ni lipi, tena kabla ya kazi kuanza. Malipo ni kwa debe, na kila debe huhesabiwa mchumaji akiona. Jioni hakuna ubishi. Mbona sisi wa tarakilishi tushindwe na jambo ambalo wazee wetu walilijua?

Kwa hivyo, msomaji, ukitaka msaidizi, anza kwa kujichunguza wewe mwenyewe. Kwa juma moja andika kila kazi unayoifanya na muda inaochukua. Zile zinazojirudia, kama vile kupanga faili, kutuma ankara na kuwakumbusha wateja madeni, ndizo za kumpa mwenzako. Ile ambayo mteja anakulipa kwa sababu ya ujuzi wako, ibaki mikononi mwako.

Pili, mjaribu kwa kazi moja ndogo, na umlipe kazi hiyo ya majaribio. Kumfanyisha mtu kazi bure ukisema unampima ni kumwibia jasho.

Tatu, andikeni mapatano. Ukurasa mmoja watosha: kazi ni zipi, saa ni zipi, malipo ni kiasi gani, yatatumwa tarehe gani, na gharama ya mtandao ni ya nani. Umeme ukipotea, nani ajulishwe? Kila saa mnayoitaja, semeni ni saa za Nairobi au za mteja. Kumbuka kwamba saa za Uingereza na Marekani husogezwa mara mbili kwa mwaka, lakini zetu hazisogei. Saa tatu asubuhi ya New York ni saa kumi na moja jioni kwetu wakati wa baridi yao, na saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao.

Isitoshe, sheria nayo ina neno. Ukimlipa mtu kila mwezi na kumpangia saa zake, huenda akahesabiwa kuwa mwajiriwa wako, na Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 yataka mkataba wa miezi 3 au zaidi uwe katika maandishi. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019. Majina, nambari za simu na habari za wateja wako si mali yako ya kugawa utakavyo. Ukimpa msaidizi habari hizo azishughulikie, muwe na maandishi, na mteja ajue kwamba una msaidizi.

Na neno la siri? Usimpe lako, kama nilivyofanya mimi. Mfungulie njia yake mwenyewe, ya kazi anayoifanya tu. Kampuni kama Upwork hukataza watu wawili kutumia akaunti moja, na ukipatikana waweza kufungiwa. Akaunti za benki na M-Pesa zibaki kwako.

Malipo nayo yasicheleweshwe kwa kisingizio kwamba mteja hajalipa. Msaidizi hakufanya mapatano na mteja, alifanya nawe. Tia kando pesa zake za mwezi kabla hujampa kazi, na uweke kumbukumbu, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

Nawe mwanafunzi unayeitafuta kazi hii, usione haya kuuliza malipo na kuomba maandishi. Tena jihadhari na yeyote anayekudai ada ya usajili ndipo akupe kazi. Mwajiri wa kweli hutoa pesa, haombi.

Sasa ninaye msaidizi mwingine, na ukurasa wetu mmoja tuliutia sahihi sote wawili. Mteja yule sikumpata tena, na huyo simlilii sana. Ninayemkumbuka ni binti wa jirani. Nasikia amepata kazi kwingine na anasifiwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini ukikiumiza kile cha pili, utabaki ukijikuna peke yako.

Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.